Karatasi ya usaha imeandikwa "koagulesi +", ndo ugonjwa gani huo? Na kwanini mwili wake umeshindwa?

"Asalaam aleikum. Mke wangu kazaa kwa operesheni hapa Pemba, siku ya tatu tukaruhusiwa hana neno, siku ya sita mshono ukaanza kuuma na kutoa maji maji, ya nane ukatoa usaha. Tumerudi hospitali wakachukua usaha kwa kijiti cha pamba wakapeleka maabara. Majibu yameandikwa stafilokokasi aureasi, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu 'katalesi +, koagulesi +, dinesi +', halafu penisilini R. Haya ndo majina ya ugonjwa? Mama anasema mke wangu damu yake nyepesi ndo mana mwili umeshindwa kupigana, wengine wanasema kijicho. Mie nimenunua haidrojeni peroksaidi duka la dawa namwagia mara tatu kwa siku, inachemka povu jeupe mpaka raha, lakini usaha hauishi. Sasa dokta anataka kufungua nyuzi mbili tatu autoe, mie naogopa, mshono wenyewe haujashika. Na hawa vijidudu kawapata hospitali au kenda nao? Bado ananyonyesha."

Waaleikumu salaam ndugu yangu, na hongera ya mtoto kabla ya pole ya mshono. Naanza na lile la haraka mana mengine yanaweza kungoja: mwache dokta afungue, leo kama inawezekana, na hiyo peroksaidi acha kuimwaga ndani ya kidonda kuanzia sasa. Haya mawili ukiyashika hata usiposoma huko chini si mbaya. Ila nakuomba usome, mana naona hofu yako inatoka kwenye kutojua kinachoendelea mle ndani, na kile kijikaratasi ulichonacho mkononi kimekueleza karibu yote, basi tu hakuna aliyekusomea.

Umeuliza mambo mengi lakini ukiyakusanya ni moja: kwanini mwili wake umeshindwa. Mie nakwambia haujashindwa. Huo usaha unaouona ni nini? Ni mizoga ya chembe nyeupe za damu zilizokwenda pale kupigana zikafa, pamoja na bakteria waliokufa nao na nyama iliyoyeyuka. Uboho wa mifupa ya mtu mzima unatoa askari hawa wa mstari wa mbele, wanaitwa nyutrofili, kiasi cha bilioni 100 kwa siku, na mkeo kamwaga wake wengi pale. Mtu ambaye kinga yake imekwisha kabisa, kama wale wanaotibiwa saratani chembe zao zikashuka mno, mara nyingi hata usaha hatoi, kidonda kinakuwa kikavu kibaya na homa inapanda. Kwahivo mwambie bi mkubwa kwa adabu, huyu mkwewe anapigana, tena vizuri. Shida ni kuwa adui kaja na vifaa.

Na hivo vifaa ndo hayo majina matatu. Si majina ya magonjwa, ni majina ya vimeng'enya, enzaimu kama wengine wanavyosema. Kimeng'enya ni kitu kidogo mno ambacho kazi yake ni kukata au kuunga kitu kingine haraka sana bila chenyewe kumalizika, mate yako yanavyo, tumbo lako linavyo, ukitafuna mkate muda mrefu ukaanza kuwa mtamu ni kimeng'enya cha mate kinakata wanga. Bakteria nao wanavyo, na huyu stafilokokasi ana mkoba mzima. Sisi watu wa maabara tunamtambua kwa silaha zake, kama vile polisi anavyomjua mwizi kwa aina ya kisu alichoacha.

Ngoja nikuingize ndani uone. Usaha wa mkeo ulipofika ulipakwa juu ya sahani yenye jeli, jeli hiyo ni aga, inatokana na mwani, ndo ile ile inayogandisha faluda (si mwani huu wanaolima kina mama Paje na Jambiani, huu wetu unatoa karajini, mambo mengine). Ikawekwa kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha, asubuhi ukifungua unakuta madoa mviringo yanang'ara, mara nyingi ya rangi ya dhahabu, na hiyo aureasi maana yake dhahabu. Mtu wa maabara anachota doa moja kwa kijiti anapaka kwenye kioo, anadondosha tone moja la haidrojeni peroksaidi. Ile ile ya kwako! Linachemka povu papo hapo. Anaandika: katalesi +.

Umeona sasa? Povu ulilokuwa ukilifurahia, maabara linatuambia kuwa bakteria anajua kuivunja hiyo dawa. Katalesi inaigawa peroksaidi ikawa maji na hewa ya oksijeni, ile oksijeni ndo povu, basi. Na wala si bakteria peke yake, damu na nyama ya mtu nazo zina katalesi zao, ndo mana hata kidonda kisafi ukimwagia kinatoa povu. Kwahivo povu halikwambii kuwa vijidudu wanakufa, linakwambia tu dawa inaharibika. Na kingine ambacho watu wengi hawajui, ikimwagwa mara kwa mara inaunguza nyama changa inayojaribu kuota, na kwenye shimo lenye kina oksijeni ile ikikosa pa kutokea inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu, nadra lakini ni khatari kweli. Peroksaidi kwa mkwaruzo wa juu mara moja sawa, kwa tumbo la mzazi hapana.

Mwilini hii katalesi inafanya nini? Chembe nyeupe ikimkamata bakteria inammeza, inamfungia kwenye kijifuko, halafu inammiminia sumu, mojawapo ni peroksaidi hiyo hiyo, na kutokana nayo inatengeneza kitu cha jamii ya jiki. Yaani mwili wako unatengeneza jiki, wallahi mie nilipofundishwa siku ya kwanza sikuamini. Stafilokokasi akiwa mle kijifukoni anaivunja peroksaidi kwa katalesi, na ile rangi yake ya dhahabu nayo inamsaidia kunyonya makali, kwahivo wengine wao wanafanikiwa kubaki hai ndani ya tumbo la askari aliyewameza. Siwezi kukwambia katalesi ndo kila kitu, kuna bakteria wengi wanayo na hawana madhara yoyote. Ni kipande tu.

Koagulesi ndo mwenye mambo. Kwa hii tunachukua kijitube chenye plazma, yale maji ya damu ya manjano, ya sungura mara nyingi, tunamtia bakteria humo tunaiweka kwenye joto la mwili. Saa nne baadae unainamisha tube taratibu kama unataka kumwaga, na haimwagiki. Imeganda, imekaa kama jeli, unaweza kuilaza kabisa. Akina stafilokokasi wengine wale wapole wanaokaa kwenye ngozi, tube zao zinabaki maji vile vile. Ikiganda, kwa uangalifu unaandika +, na mie kila nikiiona naingiwa na huruma na mgonjwa ambaye simjui hata jina.

Sababu ni hii. Damu yako ina vifaa vya kujigandisha, ukijikata jikoni ndo vinavyofanya kazi, kuna protini inaitwa fibrinojeni inaogelea ovyo kwenye damu, ikipata amri inakuwa nyuzi nyuzi za fibrini zinazoziba tundu. Amri inatolewa na mwili wenyewe kwa hatua nyingi nyingi zenye ulinzi. Koagulesi inaruka hatua zote, inajibandika kwenye protrombini inaiwasha pale pale, na nyuzi zinaanza kufumwa kumzunguka bakteria. Yaani anajijengea ukuta kwa mawe ya mwenye nyumba. Askari wakija wanakuta fibrini ya mwili wenyewe, wanapapasa nje, ndani yeye anazaana. Na usije ukasema basi nimpe dawa ya kulainisha damu ivunje ukuta, hapana, mwanamke katoka kupasuliwa juzi atavuja damu umpoteze, na hata hepareni inayotumika hospitali ugandishaji huu wa koagulesi haiuzuii.

Halafu akishakuwa wengi na nafasi imekuwa finyu, anatoa kimeng'enya kingine, stafilokainesi, ambacho kinaamsha mkasi wa mwili wa kukata fibrini, anatoka anakwenda kufungua kambi pengine. Anajenga anapotaka, anabomoa anapotaka. (Kuna jamaa yake wa mbali, streptokokasi, naye ana mkasi wa namna hii, madaktari wakauchukua wakaufanya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye moyo, streptokainesi. Silaha ya adui imegeuzwa dawa.)

Dinesi sasa. Nyutrofili akiona vita vimemzidi ana namna moja ya mwisho, anapasuka makusudi na kurusha nje DNA yake, zile nyuzi za urithi, zinatanda kama wavu zikiwa zimepakwa sumu, bakteria wananasa. Jambo hili lilielezwa na wanasayansi 2004 tu, juzi juzi. Wewe ni mtu wa Pemba sina haja ya kukueleza wavu, na sina haja ya kukueleza bunju. Bunju akinasa anafanyaje? Meno yale kama mdomo wa kasuku, anakata anakwenda zake. Ndo dinesi. Inakatakata zile nyuzi vipande vipande na bakteria anachomoka. Na haishii hapo, 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionesha kuwa stafilokokasi ana kimeng'enya cha pili kinachovichukua vile vipande vya wavu uliokatwa kikavigeuza kuwa kitu kinachoua makrofaji, wale askari wakubwa ambao kazi yao ingekuwa kuja kula na kusafisha. Kwenye panya wao ilionekana wazi, katikati ya jipu makrofaji hawaingii. Unakata wavu wa mtu halafu unamnyongea nao nduguye.

Ana vingine, sitakuchosha. Kuna kinachokata zile protini za damu zinazowapaka bakteria alama ili waliwe, kuna kinachobadilisha ukuta wa ngozi yake ili laisozaimu, kimeng'enya cha machozi na makamasi, kisimkate. Wala si yeye peke yake hospitalini: suudomonasi yule wa usaha wa kijani kijani ana vimeng'enya vinavyokula mpaka kingamwili, enterokokasi anacho chake, na bakteria mwingine, proteusi, anayeingia kupitia mpira wa mkojo anageuza yurea iliyomo kwenye mkojo kuwa amonia mpaka chembe za mawe zinaganda zinaziba mpira. Kila mmoja na mkoba wake.

Haya, rudi kwenye nyuzi zako mbili tatu. Pale chini ya mshono kuna mfuko, una ukuta wa fibrini, katikati usaha, mishipa ya damu haifiki ndani. Dawa anayomeza au kuchomwa mkeo inasafiri kwa damu. Sasa damu isipofika, dawa itafikaje? Itatibu pembezoni, homa itashuka, mtafurahi siku mbili tatu, halafu mfuko ule ule utajaa tena. Ndo mana tangu zamani kabla hata dawa hazijagunduliwa watu walijua usaha lazima utoke. Dokta akifungua anautoa, anasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, anaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, ndani, na kidonda kinaachwa kiote kutoka chini kuja juu. Kitakutisha ukikiona, shimo jekundu kwenye tumbo la mkeo si kitu cha kuangalia kabla ya kula. Lakini wekundu wenye unyevu unaong'aa ndo nyama nzuri hiyo. Kitachukua wiki kadhaa, kovu litakuwa pana kuliko lingekuwa, hilo sikufichi. Ukifunga juu na usaha uko chini ni kufukia moto kwenye majivu.

Penisilini R nayo ni habari nyingine na watu wanaichanganya sana. R ni kuwa dawa hiyo haimgusi. Hapo pia kuna kimeng'enya, penisilinesi, lakini huyu anakata dawa, hana habari na kinga ya mwili. Si kipya, kimeng'enya cha namna hii kilielezwa 1940 kabla penisilini yenyewe haijaanza kutumika kwa watu wengi. Kwahivo bakteria sugu si lazima awe mkali zaidi, mwilini anaweza kuwa sawa na nduguye asiye sugu, tofauti ni kuwa umebaki na dawa chache za kumpigia. Wewe angalia kwenye karatasi mstari wa sefoksitini, dawa tunayoitumia maabara kumpimia. Ikiwa S, yaani dawa inamuweza, kuna dawa nyingi za jamii hiyo zitafanya kazi, kama kloksasilini. Ikiwa R basi ni yule sugu aliyeonekana mara ya kwanza Uingereza 1961, yeye hategemei kukata dawa, kabadilisha kitasa chenyewe ufunguo hauingii, na hapo usikubali kununua ampiklosi dukani kwa kuambiwa "hii kali", itakula pesa tu. Dokta achague kwa karatasi.

Kawapata wapi? Hapa nakuwa mkweli, hakuna anayeweza kukuapia. Maambukizi ya mshono yakitokea ndani ya siku 30 baada ya kupasuliwa tunayahesabu kuwa ya hospitali, ni namna ya kuhesabu tu, haina maana kuna mtu kafanya makosa. Kiasi cha mtu mmoja kwa kila watatu wanatembea na stafilokokasi puani hawana habari, mimi nilijipima nikiwa mwanafunzi nikajikuta nnae. Inaweza kuwa ni wa puani kwa mkeo mwenyewe, au mikono ya nesi, au mikono yako wewe ulivyokuwa unamwagia hiyo peroksaidi, au ya wale wageni. Mana sisi nasi mzazi akirudi nyumbani mtaa mzima unaingia, wanakaa kitandani, wanamshika mtoto, wanafunua waone mshono, "tuone mwaya wamekukata wapi". Pole pole wazuie, mlaumu dokta, sema dokta kakataza. Na nesi akija kubadilisha bandeji hujamuona kanawa wala kuvaa glavu mpya, mwambie, kwa ulimi mtamu lakini mwambie.

La kijicho: msomeeni, dua haina kizuizi na mie nasoma pia, ila dua na gozi hazigombani. La kukandwa nalisema kwa mkazo mana najua mkunga wenu keshaweka maji motoni: asikandwe tumbo kwa maji ya moto wakati kidonda kiko wazi, na mkaja usifungwe juu yake. Ukibinya mfuko wa usaha unausukuma ndani. Miguu, mgongo, mumkande mtakavyo. Asali, najua utaniuliza, asali ina kitu kweli, sukari yake inawakausha bakteria na ipo ile ya hospitali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, lakini ya chupa ya maji iliyouzwa barabarani haijulikani ina nini ndani, anywe kwenye uji wake wa pilipili manga.

Nyepesi ya bi mkubwa nayo si uongo mtupu, tusimvunjie heshima. Upungufu wa damu, au sukari kuwa juu, vinachelewesha kidonda kupona kweli, kwahivo omba apimwe wingi wa damu na sukari hapo hapo, ni vipimo vya dakika chache. Kunyonyesha aendelee, bakteria yuko kwenye mshono si kwenye maziwa, anawe mikono, afunike kidonda, na kila anayemwandikia dawa aambiwe ananyonyesha mana nyingi hazina tabu ila si zote. Ziwa likivimba likawa jekundu na maumivu, hilo useme pia, huyu huyu stafilokokasi anapenda kuingia huko. Na dawa amalize siku zote alizoandikiwa hata kama kesho kutwa ataamka mzima.

Usingoje miadi, mpeleke saa hiyo hiyo hata iwe usiku, ukiona homa ya 38 kwenda juu au anatetemeka kwa baridi, wekundu unatambaa kutoka kwenye mshono, ngozi ya pembeni inageuka nyeusi au inauma kuliko inavyoonekana, tumbo linajaa na kutapika, damu ya uzazi inanuka, anahema mbio, anaongea maneno hayaeleweki, au mshono unatoa ghafla maji mengi ya rangi ya waridi. Hayo maji yanaweza kuwa mshono wa ndani umeachia, mlaze, funika kwa kitambaa safi chenye maji maji ya chumvi kama unayo, asile kitu, mwende.

Wakimfungua waulize maswali mawili tu: shimo lina kina gani, na gozi libadilishwe mara ngapi na nani. Uandike. Kile kichupa cha peroksaidi usikitupe umekinunua kwa pesa yako, kinatoa madoa ya damu kwenye kanga vizuri mno, jaribu pembeni kwanza isije ikachuja rangi, na utaliona povu lile lile.